Pullman Walilima, Miami Wakavuna

Aprili 2025, NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, ilipofanya uteuzi wake wa kila mwaka wa vijana wanaotoka vyuoni, jina la kwanza kutajwa lilikuwa Cam Ward. Tennessee Titans ndio waliokuwa na zamu ya kwanza, wakamchukua yeye, mrusha mpira wa Chuo Kikuu cha Miami. Kumbukumbu zitaandika hivyo siku zote: Ward, Miami. Miami yenyewe alicheza msimu mmoja tu.

Kabla ya hapo alikuwa Washington State, chuo kilichoko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington. Alikaa misimu miwili. Na kabla ya Pullman alikuwa Incarnate Word, chuo cha Kikatoliki cha San Antonio, Texas, kinachocheza daraja la chini. Alipomaliza sekondari, wakubwa hawakumtaka. Timu ya shule yake ilikuwa ya kukimbia na mpira, si ya kurusha, kwa hiyo mrushaji wake hakuwa na cha kuwaonyesha maskauti. Incarnate Word wakampa nafasi. Kocha wake wa pale, Eric Morris, alipopata kazi Pullman, Ward akamfuata. Miaka miwili baadaye Miami wakaita.

Muulize shabiki wa Pullman, atakwambia waliibiwa. Sawa. Ila na yule wa San Antonio ana kesi yake, na mshtakiwa wake ni Pullman.

Mgogoro mzima wa uhamisho na malipo katika futiboli ya vyuo vya Marekani umo ndani ya safari hiyo moja, na kila upande huitaja kama ushahidi wake.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: ni ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa helmeti. Mrushaji, wenyewe humwita kwotabeki, ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi, na timu isiyo na kwotabeki wa maana haifiki popote. Vyuo navyo tusivipime kwa mashindano ya vyuo vya huku kwetu, wanafunzi wenzao wamepanga viti pembeni mwa uwanja. Uwanja wa Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, na hauko peke yake. Texas A&M walipomfukuza kocha Jimbo Fisher, Novemba 2023, walibaki na deni lake la dola milioni 76 hivi, fedha za kumlipa mtu asifanye kazi. NFL nayo haimchukui kijana mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Mwenye kipaji hana pa kusubiria isipokuwa chuoni, na chuoni, hadi juzi, hakukuwa na mshahara. Kulikuwa na ada iliyolipwa, chakula, kitanda, na marufuku ya kupokea hata senti ya pembeni. Reggie Bush aliiachia tuzo yake ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2010 kwa kosa la kupokea fedha na zawadi akiwa mchezaji wa chuo. Mwaka 2024 wakamrudishia. Kosa lilikuwa limekoma kuwa kosa.

Neno lililoubeba mfumo ule wa zamani ni "mwanafunzi-mwanamichezo", na asili yake inatisha kidogo. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo kidogo cha Fort Lewis A&M huko Colorado, aliumia kichwa kwenye mechi akafariki. Mjane wake akaomba fidia, ile anayopewa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia: chuo hakifanyi biashara ya mpira. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, tangu 1951 hadi 1987, alikuja kukiri uzeeni kwamba neno lile lilibuniwa na kusambazwa kwa hofu ya madai ya namna hiyo. Mchezaji asiitwe mfanyakazi, hilo ndilo lililokuwa lengo. Mengine yote yalijengwa juu yake, na kwa maoni yangu hata vurugu za leo zimejengwa papo hapo.

Ukuta ulianguka kipande kwa kipande, na mara nyingi ni mahakama iliyousukuma. Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba NCAA haiwezi kuwawekea wachezaji kikomo cha mafao yanayohusu masomo. Jaji Brett Kavanaugh akaongeza yake, kwamba NCAA haiko juu ya sheria. Siku kumi baadaye, Julai 1, wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao kwenye matangazo. Upande wa uhamisho, potali ya kujiandikisha mchezaji anapotaka kuhama ilikwisha kufunguliwa Oktoba 2018, lakini mwenye kuhama alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 adhabu hiyo iliondolewa kwa uhamisho wa kwanza. Mwaka 2024, baada ya jaji mmoja wa West Virginia kuingilia kati, ikaondolewa kwa uhamisho wote, mradi kijana awe amefaulu masomo. Kisha Juni 6, 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha mapatano ya kesi iitwayo House: dola bilioni 2.8 za kuwafidia wanamichezo waliopita, zilipwe kwa miaka 10, na kuanzia Julai 1 kila chuo kiwe na ruhusa ya kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5.

Ndani ya miaka minne tu, mchezo uliokuwa unamwadhibu mchezaji kwa kupokea fedha ukawa na bajeti ya mishahara. Ila hauiiti mishahara.

Wanaoshangilia mageuzi haya wamepata kielelezo ambacho ni vigumu kukijibu. Indiana ni chuo cha mpira wa kikapu. Futiboli yake ilikuwa mzaha, moja ya timu zilizofungwa mara nyingi kuliko zote katika historia ya vyuo. Mwishoni mwa 2023 wakamwajiri kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, naye akaja na wachezaji wake 13. Msimu wa 2025 akamleta kwotabeki kutoka Berkeley, California, Fernando Mendoza, kijana aliyekuwa tayari na shahada yake ya biashara. Januari 19, 2026 walikuwa kwenye fainali ya taifa dhidi ya Miami, katika uwanja uleule ambao Miami huutumia kama nyumbani, na katika mji aliokulia Mendoza. Robo ya nne, Indiana wakiongoza 17–14, wakabakiza yadi 4 kupata haki ya kuendelea na jaribio moja tu mkononi. Busara ya kawaida inasema piga teke, chukua pointi 3, shukuru. Cignetti akasimamisha mchezo, akaghairi, akairudisha safu yake ya mashambulizi. Mpira ukabaki mikononi mwa Mendoza, akapenya katikati, akagongwa, akazunguka, akajirusha mzimamzima mpaka ndani ya eneo la goli. Wakashinda 27–21, mechi 16 bila kupoteza hata moja.

Upande wa pili, kwotabeki wa Miami alikuwa Carson Beck, naye kahamia kutoka Georgia. Tangu 2017, washindi 7 kati ya 9 wa Heisman wamekuwa watu waliohama chuo angalau mara moja, Mendoza akiwa wa karibuni. Kwenye nusu fainali Miami walikutana na Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ya kwotabeki Trinidad Chambliss, ambaye msimu mmoja nyuma alikuwa anacheza daraja la pili huko Ferris State, Michigan. Kwa utaratibu wa zamani Chambliss angemalizia mchezo wake kulekule na nchi isingemjua. Hoja ya uhuru wa kuhama haihitaji falsafa ndefu: mwanafunzi wa uhandisi anahama chuo bila kuomba ruhusa ya mtu, mwanafunzi anayepiga tarumbeta kwenye bendi ya chuo vilevile, na kocha ndiye kinara wa kuhama. Mchezaji kwa nini afungwe?

Wapinzani wao si wajinga, ingawa wasemaji wao wakuu huwaangusha. Nick Saban, kocha mwenye mataji 7 ya taifa, alistaafu Januari 2024, na miezi miwili baadaye akaliambia Bunge mjini Washington jinsi mkewe alivyomuuliza kwa nini waendelee ilhali wachezaji wanachojali ni watalipwa kiasi gani. Hadithi nzuri. Aliyeisimulia alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka.

Hoja nzito iko kwingine, na kuiona inabidi turudi Pullman. Baada ya Ward kuondoka, aliyekuwa kwotabeki wa akiba, John Mateer, akashika nafasi na kung'ara msimu wa 2024. Desemba akahamia Oklahoma. Kocha Jake Dickert akaenda Wake Forest. Timu iliyobaki ikaingia mechi ya mwisho wa msimu dhidi ya Syracuse ikiwa mabaki, ikafungwa 52–35. Kocha mpya, Jimmy Rogers, akaja kutoka South Dakota State na kundi la vijana wake, yaani Pullman nao wakakomba kwa mdogo wao. Akakaa msimu mmoja, akaitwa Iowa State, akaenda. Shabiki aliyenunua tiketi ya msimu Pullman miaka mitatu mfululizo ameangalia timu tatu tofauti zenye jezi moja. Na kwa kijana asiye nyota hali ni ngumu zaidi. Potali inaingiza maelfu kila mwaka na si wote wanaotoka upande wa pili. Wapo wanaoachia ufadhili walionao wakidhani kuna chuo kinawasubiri, wakakuta simu haziiti. Anayehama mara tatu hupoteza na masomo pia, kwa kuwa si kila somo alilofaulu chuo hiki hukubaliwa na chuo kile. Mendoza na shahada yake mkononi ni mfano mzuri, lakini ni mfano wa mtu mmoja.

Kuna na fedha zenyewe zinavyotembea. Texas Tech, chuo ambacho hakuna aliyekuwa akikiogopa, kilipata bilionea wa mafuta, Cody Campbell, mchezaji wake wa zamani, kikanunua kikosi na kuchukua ubingwa wa ligi yake, Big 12, msimu wa 2025. Huo ni usawa au ni mnada? Mimi nasema ni mnada, lakini mnada huo ulikuwepo tangu zamani, bahasha zikipita chini ya meza. Tofauti ni kwamba sasa bahasha ina jina la mchezaji juu yake.

Kinachonishangaza ni jinsi mikataba ilivyo mibovu. Septemba 2024, kwotabeki Matthew Sluka aliondoka UNLV, chuo cha Las Vegas, timu ikiwa imeshinda mechi zake 3 za kwanza. Watu wake walidai aliahidiwa dola 100,000. Upande wa chuo ukakanusha. Ahadi yenyewe ilidaiwa kuwa ya mdomo. Fikiria: biashara ya mabilioni, na nahodha wa shambulizi anafanya kazi kwa neno la mtu kwenye simu, kama fundi ujenzi asiyejua Jumamosi atalipwa au ataambiwa aje Jumatatu. Januari 2026 ikawa kinyume chake. Demond Williams wa Washington (hiki ni kile chuo kikubwa cha Seattle, si cha Pullman) alikwisha saini mkataba mpya, kisha siku chache baadaye akatangaza kwamba anahama. Chuo kikatishia sheria, naye akarudi. Wiki hizohizo Duke wakamfungulia kesi kwotabeki wao, Darian Mensah, aliyetaka kuvunja mkataba. Wakamalizana, naye akaenda zake Miami.

Mara hii mchezaji ndiye aliyedhulumiwa, mara hii chuo. Wachambuzi wengi wa Marekani huchagua kisa kimoja wakalia nacho. Mimi naona ugonjwa ni mmoja. Mkataba unaomfunga mtu asihame, wenye fidia ya kuuvunja, wenye malipo ya kila mwezi, wenye kocha anayempangia saa ya kuamka na saa ya kulala, ni mkataba wa kazi. Vyuo vinataka faida zote za mkataba wa kazi bila neno "kazi", maana neno hilo likiingia, nyuma yake vinafuata chama cha wafanyakazi, bima ya ajali na yule mjane wa Dennison. Wakati huohuo vinaliomba Bunge liwape kinga ili mahakama zisiwaguse. Chama cha wachezaji kingewapa hasa wanacholilia: makubaliano ya pamoja, ukomo wa uhamisho, na ngazi za malipo zinazosimama mbele ya jaji, kama ilivyo NFL. Wachezaji wa chuo cha Northwestern waliomba hicho mwaka 2014 wakakataliwa mwaka uliofuata.

Wenzetu wa soka wanayajua haya. Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilipompa haki Jean-Marc Bosman, Mbelgiji ambaye klabu yake ilimzuia kuondoka ingawa mkataba ulikuwa umekwisha, viongozi wa klabu walitabiri kifo cha mpira. Mpira haukufa. Ulizidi kutajirika, na matajiri ndani yake wakazidi kutajirika kuliko wengine, kwa hiyo watabiri walikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 2001 FIFA ikaweka kitu ambacho Wamarekani hawana: fidia ya mafunzo, pamoja na asilimia 5 ya ada ya uhamisho kugawiwa klabu zote zilizomlea mchezaji tangu ana miaka 12 hadi 23. Klabu ndogo ikimlea kijana akauzwa baadaye kwa mamilioni, chochote kinarudi. Incarnate Word walirudishiwa nini kwa Ward? Pullman je? Wameachiwa picha ukutani.

Ningependa kusema kwamba dawa ndiyo hiyo, lakini ina uchungu wake. Ada ya uhamisho, hata ndogo, hatimaye humkata mchezaji mwenyewe: Ward mwenye deni la mafunzo mgongoni ni Ward ambaye chuo cha pili kitamfikiria mara mbili. Bosman alikwamishwa na ada hasa. Tena, kuuza haki ya mtu ambaye si mwajiriwa wako, hilo nalo sijui wanasheria wataliitaje. Hata hivyo, kati ya uonevu wa mkulima asiyevuna na uonevu wa mchezaji asiyehama, huu wa pili ndio ulioishi miaka 60, na sioni aibu kusema naupima kuwa mzito zaidi.

Wanaoumia kweli, hata hivyo, hawachezi futiboli kabisa. Dola milioni 20.5 haziokotwi. Sehemu kubwa, kwa mgawo uliozoeleka kama robo tatu, inakwenda kwa futiboli, inayofuata kwa kikapu cha wanaume, na kinachobaki wagawane wengine wote: waogeleaji, wacheza tenisi, wakimbiaji. Na kwa wakimbiaji hadithi inatugusa sisi. Vyuo hivi vimewapitisha wanariadha wetu kwa zaidi ya nusu karne, Suleiman Nyambui wa Tanzania pale El Paso, na majuzi Doris Lemngole wa Kenya, bingwa wa mbio za nyika wa vyuo mwaka 2024, pale Alabama. Mkimbiaji wa namna hiyo husoma kwa viza ya mwanafunzi isiyomruhusu kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo ile haki ya kuuza jina na sura, ambayo mwenzake Mmarekani huichukua kwa simu moja, yeye huizunguka kwa mwanasheria. Mapatano ya House yameweka pia ukomo wa idadi ya wachezaji katika kila timu, 105 kwa futiboli, 17 kwa mbio za nyika.

Pullman, tena Pullman, ndiko alikosoma Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi pale, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81, ya kwanza ikiwa ya mita 5,000 huko Berkeley. Juni 2025, siku chache baada ya Jaji Wilken kuweka saini yake, Washington State ilitangaza kwamba riadha yake inapunguzwa. Mirusho imefutwa, na miruko imefutwa. Mbio fupi na viunzi vimebaki kidogo. Kilichobaki hasa ni mbio ndefu, na sababu haiko mbali: chuo cha daraja la juu kinatakiwa kiwe na michezo isiyopungua 16, na mkimbiaji wa mbio ndefu, ambaye hahitaji nguzo wala godoro la kuangukia, anahesabiwa kwenye timu tatu, ya nyika, ya uwanja wa ndani na ya uwanja wa nje.